Buick LeSabre ya 2003 kwenye chumvi ya Minnesota: nilivyoifikisha zaidi ya maili 230,000

Watu wakiiona hii gari swali ni lile lile, bado tu inatembea? Inatembea ndio, kila siku, kiangazi na baridi, inanipeleka kazini na wikendi inabeba familia nzima. Naandika hivi kwa sababu naona ndugu zetu wengi waliofika huku Marekani miaka ya karibuni wanaingia kwenye mikopo ya gari ya miaka sita mpaka saba, riba iko juu kwa vile hawana historia ya kukopa, wakati kuna sedani za zamani za Kimarekani ambazo ukijua pa kuangalia zinakutumikia miaka mingi sana. Ila lazima ujue zinakufa na nini. Kwa miaka yote niliyokaa na hii, imani yangu ni moja: LeSabre haiuliwi na injini, inauliwa na kutu pamoja na plastiki, na vyote hivyo vinakupa muda wa kujipanga mradi uwe unachungulia.

Niliinunua 2011 kwa dola 4,200 ikiwa na maili 64,000, toka kwa familia ya mzee mstaafu aliyekuwa ameacha kuendesha. Buick walikuwa na LeSabre sokoni toka modeli za 1959 mpaka 2005, na hizi za mwisho wanunuzi wake wengi walikuwa watu wazima, kwa hiyo vijana hawazitaki na bei inakuwa chini kuliko ubora wa gari yenyewe. Mi nilichofanya siku ya kuiona sikuanza na rangi wala viti. Nilitandika boksi chini nikalala chali na tochi, nikaangalia bati la chini ya milango, sehemu za kuwekea jeki, paipu za breki zinazokwenda nyuma, na fremu ndogo ya mbele inayobeba injini. Ilikuwa imelala gereji ya nyumbani maisha yake yote, chini kusafi, na risiti za kumwaga oili zote zipo kwenye bahasha. Hapo ndio nikatoa hela. Ingekuwa na maili nusu ya hizo lakini chini kumeoza ningeiacha bila kujiuliza mara mbili.

Injini yake ni ile V6, yaani silinda sita, ya lita 3.8 wanayoiita 3800, toleo la pili, hozipawa 205. Bloku ya chuma, silinda hedi za chuma, kamshafti moja, ile shafti inayofungua valvu, imekaa ndani ya bloku, na taimingi yake ni cheni, sio belti, kwa hiyo hakuna ile habari ya kubadilisha taimingi belti kila baada ya maili kadhaa. Historia yake naipenda sana. Buick waliitoa V6 hii modeli za 1962, ikifika 1967 General Motors, wenye Buick, wakauza mitambo yake kwa kampuni ya Kaiser Jeep kwa sababu petroli ilikuwa rahisi na Wamarekani wanataka V8, halafu mgogoro wa mafuta wa 1973 ukawashika, wakarudi 1974 kuinunua tena toka kampuni ya magari ya AMC ambao wakati huo ndio wenye Jeep. Mwaka 1988 wakaiongezea shafti ya kupunguza mtikisiko, toleo la pili likaja 1995, na uzalishaji ukafungwa 2008 kule Flint, Michigan. Injini iliyokaa sokoni muda wote huo maana yake nini kwako mmiliki? Maana yake kila ugonjwa wake unajulikana, kila fundi wa makamo ameshaifungua, na spea zake zimejaa kwa sababu hiyo hiyo ilikaa pia kwenye Pontiac Bonneville, Chevrolet Impala, mpaka Camaro. Barabara kuu ukiwa maili 65 kwa saa mshale wa mizunguko haufiki hata 2,000, injini haitoki jasho kabisa.

Sasa plastiki, na hapa nisome vizuri kama unayo au unataka kununua yoyote yenye hii 3800 toleo la pili. Juu ya injini kuna manifoldi ya kuingizia hewa ya plastiki. Karibu na throtoli, mlango wa kuingizia hewa, kunapita bomba la EGR, lile linalorudisha moshi wa moto wa ekzozi uchomwe tena, na hapo hapo jirani kunapita kulanti, maji ya kupoza injini. Joto linaipika ile plastiki miaka na miaka mpaka inadhoofika, ikifika mwisho maji yanaanza kunyonywa kuingia kwenye silinda. Dalili zake ni kulanti inapungua lakini chini hakuna hata tone, ukiwasha asubuhi moshi mweupe wenye harufu tamu, na ikizidi oili inageuka rangi ya maziwa. Hatari kubwa ni maji yakijaa silinda gari ikiwa imezimwa, maana maji hayabanwi, ukipiga stata unaweza kupinda konektingi rodi, mkono unaoshika pistoni, na injini nzima imekwisha. Chini ya hiyo manifoldi kuna gasketi ambazo za zamani zilikuwa na fremu ya plastiki, nazo zinachoka. Halafu kuna viwiko viwili vidogo vya plastiki vinavyopitisha kulanti upande wa mkanda, vinakauka, siku vikipasuka maji yote yanamwagika njiani na gari inachemsha.

Yangu ilipokaribia maili 100,000 nikamwambia fundi, jamaa yetu mmoja anayefanyia kazi gereji ya nyumbani kwake, tufungue vyote hivyo. Akaniuliza, "Kaka, haivuji hata tone, unafungua ya nini?" Nikamwambia ndio maana nataka ifunguliwe sasa, nikiwa nimechagua siku mwenyewe na hela ninayo mfukoni, sio Januari barabarani usiku na watoto nyuma. Tukaweka manifoldi mpya ambayo tundu la bomba la EGR limerekebishwa lisiikaribie plastiki, gasketi za chini zenye fremu ya alumini, viwiko vya alumini badala ya plastiki, themostati, mkanda, na plagi zote, maana zile tatu za nyuma zimejificha upande wa dashibodi na hakuna mtu anayetaka kuingiza mkono mara mbili. Wakati wa kuchomoa, kiwiko kimoja kilivunjika vipande mkononi mwa fundi kwa kukauka, na akanyamaza kidogo akasema sawa, nimekuelewa. Toka siku hiyo injini haijawahi kuchemsha. Kulanti naangalia gari ikiwa imepoa, kila wikendi, nimeweka alama ya maka peni kwenye kitanki chake nione ikishuka hata kidogo. Kitabu cha gari kinasema ile ya rangi ya chungwa inakaa miaka 5 au maili 150,000, mi sisubiri maili zote hizo, ikifika miaka mitatu hivi namwaga naweka mpya, ni gharama ndogo mno kulinganisha na inacholinda.

Oili hakuna hadithi ndefu, 5W-30, namwaga mapema kuliko kitabu wakati wa baridi kwa sababu safari zangu za mjini ni fupi na injini haipati moto wa kutosha.

Kutu ndio vita yenyewe. Minnesota baridi inashuka mpaka huko chini kabisa, na barabara zinamwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu pamoja na maji ya chumvi kabla hata theluji haijaanguka, na yale maji ndio mabaya zaidi maana yanapenya kwenye kila mkunjo wa bati. Chumvi kavu peke yake chini ya nyuzi 15 za Fahrenheit (kama -9 za Selsiasi) inakuwa haina nguvu, kwa hiyo wanachanganya na dawa nyingine zinazoshikilia unyevu, bati lako linakaa limelowa wiki nzima. Na hili jimbo halina ukaguzi wa lazima wa gari kila mwaka, hamna mtu atakayekuambia paipu zako zimeoza, lazima ujikague. Ninachofanya ni hivi, kila vuli kabla ya theluji ya kwanza naosha chini kwa presha, naacha ikauke kabisa hata siku mbili, halafu napulizia mafuta ya lanolini, yale yanayotokana na sufu ya kondoo. Napulizia ndani ya bati la chini ya milango kwa kupitia matundu ya kutolea maji, juu ya paipu za breki na za mafuta, mikanda inayoshikilia tanki, na viungio vya saspensheni ya nyuma. Yanabaki na ulaini na yanatambaa kwenye nyufa, tofauti na ile rangi nyeusi ngumu ambayo ikipasuka inafungia chumvi ndani na kutu inakula kwa siri, hiyo kwenye gari ya zamani mi siikubali. Na matundu ya kutolea maji usiyazibe jamani, yazibue. Katikati ya baridi siku joto likipanda juu ya kuganda naenda kuosha chini, kisha nafungua na kufunga milango mara kadhaa maji yatoke kwenye raba, vinginevyo usiku inaganda na asubuhi hufungui.

Pamoja na yote hayo chumvi ilikula paipu za breki za nyuma, pale zinapopita juu karibu na tanki. Niliona unyevu wakati nakagua kabla pedali haijaanza kuzama. Gereji ya kwanza niliyopeleka wakaniambia hii gari haistahili tena, gharama ya kazi inakaribia thamani ya gari, iuze skrepa. Hiyo hesabu naipinga kabisa na nitaendelea kuipinga. Gharama ya matengenezo usiilinganishe na bei ya kuiuza hiyo gari, ilinganishe na miezi mingapi ya rejesho ungelipa kwa gari nyingine, ambayo nayo historia yake huijui. Kazi ya paipu kwa fundi wangu ilikuwa pungufu ya marejesho ya miezi miwili ambayo rafiki zangu wanalipa. Tukaweka paipu za mchanganyiko wa shaba na nikeli, zinakunjika kirahisi kwa mkono na kutu haizigusi, ncha zikakunjwa mara mbili kwa kifaa chake kama inavyotakiwa, tukatoa hewa, breki zikarudi ngumu mpaka leo.

Gia boksi ni otomatiki ya gia nne, 4T65-E. Gereji nyingi za huku zinapenda kukuuzia ile ya kusukuma hidroliki yote kwa mashine. Mi nafanya ya taratibu, tunashusha sampo, lile bakuli la chini ya gia boksi, tunabadilisha filta na gasketi, tunafuta ungaunga kwenye sumaku, tunajaza hidroliki ya Dexron VI. Sampo yake haina nati ya kumwagia kwa hiyo andaa beseni pana na nguo za kuchafua. Nimefanya hivyo kila baada ya maili 40,000 hivi na bado inabadilisha gia laini, hata ya kwanza kwenda ya pili ambayo kwenye hizi boksi ndio huwa inaanza kupiga teke kabla ya zote.

Vingine ni vya kuchakaa tu. Habu za mbele, zile zinazoshika magurudumu, zinakuja nzima, beringi pamoja na sensa ya ABS (breki zinazozuia gurudumu kujifunga) humo humo, ikianza kuvuma kwenye kona ujue ipi ni kwa kusikiliza mvumo unazidi ukikata upande gani. Mota na nyaya za kupandishia vioo zimeshabadilishwa, nilizitoa kwenye yadi ya gari zilizokufa, unaingia na spana zako unafungua mwenyewe. Betri yake, hii wengi hawaijui, iko chini ya kiti cha nyuma, na jambo hilo naliona ni zuri sana kwa sababu haipikwi na joto la injini wala haipigwi na baridi moja kwa moja, zinakaa muda mrefu. Kwa kupigia busta kuna nguzo ya chanya mbele chini ya boneti, hamna haja ya kung'oa kiti. Ila ukinunua betri mpya hakikisha ni ile yenye tundu la kuunganisha mpira wa kutoa gesi nje, maana hapo imekaa ndani na abiria.

Bima nimeshusha ile ya kulipia gari yangu mwenyewe, nimebaki na za lazima za jimbo, ya kuumiza wengine na mali zao, ya matibabu, na ya kugongwa na asiye na bima, na ile ya kuumiza wengine nimeiweka juu sana kuliko kiwango cha chini, hapo sibani hela. Kinachobaki kila mwezi kinaingia kwenye akaunti ndogo ambayo haiguswi kwa lolote isipokuwa Buick. Mama watoto ndio anaishika kadi yake, na mpangilio huo umefanya kazi vizuri kuliko chochote nilichosoma kuhusu bajeti. Daftari la gari liko kwenye droo ya dashibodi, tarehe, maili, kilichofanyika, hela, na kwa sasa ukurasa wa mwisho una vitu viwili vinavyosubiri: shokapu za nyuma, na kugonga kwa nyundo bati la kushoto chini ya mlango wa nyuma nione kama pana sauti ya chuma au ya makapi. Likiwa bado chuma, linakatwa kidogo linachomelewa. Siku kutu itakapofika kwenye vishikio vya ile fremu ya mbele ndio nitaichomoa injini nimuuzie mtu mwenye Bonneville, bodi iende skrepa. Mwaka huu nimechokonoa vishikio vyote na bisibisi, bado vigumu.