Hakuna mwalimu wa zamu: nilivyouvuka muhula wa kwanza chuoni Dodoma

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haitulii. Wadogo zangu wa nyumbani Kyela wananiuliza kozi gani ina ajira, mkopo unatoka lini, Dodoma kuna joto au baridi. Wachache sana wanauliza jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: siku yangu nitaiendeshaje pale ambapo hakuna wa kunisimamia? Nimesoma shahada ya takwimu hapa Dodoma, na naamini kabisa kwamba ule muhula wa kwanza ndio uliobeba miaka yangu yote mitatu. Ndiyo maana naandika nilivyouvuka.

Nilisoma bweni tangu kidato cha kwanza hadi cha sita. Kengele alfajiri, mchakamchaka, usafi, paredi, darasani, chakula, prepo ya usiku, taa zinazimwa. Nikaenda JKT, huko nako filimbi ndiyo inayokuamulia. Kisha mwaka wa masomo unafunguliwa, unapewa funguo ya chumba na ratiba yenye mapengo. Jumanne yangu ilikuwa na kipindi saa moja asubuhi na kingine saa kumi jioni. Katikati hapo, hakuna kitu. Niliowaona wakipotea mwaka wa kwanza, wengi walipotelea kwenye saa hizo za katikati. Walikuwa na akili nzuri tu, wengine wana divisheni wani ya pointi tatu.

Kaka mmoja wa mwaka wa tatu, mtu wa kwetu, alinipokea akanitembeza. Tulipofika mbele ya kumbi za mihadhara akaniambia, "Dogo, hapa hakuna mwalimu wa zamu. Usipoingia darasani hakuna atakayekutafuta. Yatakuja kukutafuta matokeo." Usiku ule nikachukua ratiba nikajaza yale mapengo kwa kalamu: hapa maktaba, hapa kufua, hapa kulala kidogo. Nikajiwekea na sharti moja, kwamba nikishatoka hosteli asubuhi sirudi mpaka kipindi cha mwisho kiishe. Anayeijua Dodoma atanielewa. Vyuo vya huku vimejengwa kwenye maeneo mapana. Ukipanda UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, kule Chimwaga, utaona ndaki moja ilivyo mbali na nyingine. Ukirudi chumbani kwa miguu kwenye jua la saa saba, ukajinyoosha kitandani, kile kipindi cha saa kumi umeshakiaga.

Sasa niseme kuhusu kozi weki, maana hapa ndipo tofauti ya sekondari na chuo ilipo. Kidato cha sita tulizoea kwamba yote yanaamuliwa Mei, kwenye karatasi za Baraza la Mitihani. Mtu anaweza kulegea Oktoba, akakaza Machi, na bado akafaulu. Chuoni kwetu kila somo lilikuwa na alama 40 za kozi weki na 60 za UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula. Hizo 40 zinakusanywa kidogo kidogo: testi ya kwanza, testi ya pili, kazi ya mtu binafsi, kazi ya kikundi. Testi ya kwanza inakuja wakati wengine bado wanatafuta godoro. Na alama za mwaka wa kwanza zinaingia kwenye GPA ya kumalizia, yaani wastani wa alama zako zote, kwa uzito uleule wa mwaka wa tatu, kwa hiyo anayelitaka daraja la kwanza, ambalo linaanzia 4.4, anaanza kulijenga siku hiyo.

Nilinunua daftari dogo, kila somo nikalipa ukurasa wake. Nikachora mistari minne: testi mbili na kazi mbili. Kila alama ikitoka, naiandika na kujumlisha. Somo moja la hesabu niliingia kwenye UE nikiwa na 31 kati ya 40. Kwetu A ilianzia 70, kwa hiyo nilijua nahitaji 39 tu kati ya 60. Ukishaijua namba yako mapema, woga unapungua. Pia unaona somo gani linakuvuta chini huku ukiwa bado na nafasi ya kulinyanyua. Sapu nyingi nilizoziona, yaani mitihani ya kurudia somo ulilofeli, zilianzia kwa watu ambao hawakujua wanaingia UE na ngapi. Na daftari hilo lilinisaidia mara mbili kugundua kwamba alama ya kazi ya kikundi haijaingizwa; nikamfuata mwakilishi wa darasa, yaani CR, ikarekebishwa. Karatasi za testi zilizosahihishwa zitunze mpaka matokeo ya muhula yatoke.

Darasani nilikuwa nakaa safu za mbele. Ukumbi una mamia ya watu, mhadhiri anakwenda kwa Kiingereza tena haraka, na akishafungua slaidi inayofuata harudi nyuma. Mbele unasikia, na unaona alama ndogo zilizoandikwa chini ya herufi, ambazo kwenye takwimu ndizo somo lenyewe.

Lakini kuelewa hasa kulitokea jioni, kwenye kikundi. Tulikuwa watano. Tulijichagua wiki za mwanzo kwa kigezo kimoja tu, mtu anayefika kwa wakati. Tulikaa kwenye ngazi za nyuma ya maktaba kila baada ya kipindi cha mwisho, tunaelezana kwa Kiswahili, kisha kila mmoja anaandika jibu kwa Kiingereza kama atakavyoliandika kwenye mtihani. Kuna siku tulikwama kwenye sampuli, yaani sehemu ndogo unayoichukua ili ikuonyeshe kundi zima: kwa nini sampuli ndogo iliyochaguliwa vizuri inashinda kubwa iliyochaguliwa ovyo? Mwenzetu mmoja, binti wa Kongwa, mama yake anauza mahindi pale soko la Kibaigwa. Akatuambia, "Mnunuzi wa Kibaigwa anachoma bambo kwenye gunia, anatoa punje za katikati, anazitafuna, anaangalia unyevu. Anachoma gunia la huku, la kule, la chini kabisa. Akichoma yaliyopangwa mbele tu, hata achome hamsini, ameliwa." Tukanyamaza wote. Baada ya hapo mada ile haikunisumbua tena, na swali lake lilipokuja kwenye UE niliandika nikiwa naliona lile bambo. Yale ya kikundi hutayapata kwenye slaidi wala kwenye vitini, ndiyo maana namsisitizia kila mdogo wangu atafute watu wake mapema, kabla marafiki wa kupita hawajamjaa.

Fedha. Anayepata mkopo wa Bodi ya Mikopo, pesa ya chakula na malazi, yaani bumu, ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na huja kwa mkupuo wa siku sitini. Kijana aliyetoka bweni akiwa na elfu mbili mfukoni anajikuta na laki sita. Mimi nilikuwa nikishasaini kulipokea bumu, kabla sijanunua chochote naigawa. Ya kodi naitoa, ya kuchapisha kazi naitenga, inayobaki naigawanya kwa wiki na kuiacha benki. Kila Jumatatu nahamishia kwenye simu pesa ya wiki hiyo tu. Ikiisha Ijumaa, nasubiri Jumatatu kwa kula maharage ya kujipikia. Wiki ya bumu usiogope kuonekana mbahili. Wanaokualika kuku wiki ya kwanza, wiki ya saba wanakukopa nauli.

Bumu la kwanza huweza kuchelewa, kwa hiyo omba nyumbani wakupe pesa ya kula ya mwezi mmoja hivi, hata kama ni kidogo kidogo. Uliyekosa mkopo, au umepata pungufu, fuatilia dirisha la rufaa Bodi ya Mikopo wanapolifungua, na nenda ofisi ya uhasibu ukaulizie kulipa ada kwa awamu. Mimi ada haikutoka yote. Baba mdogo alimalizia kwa awamu, na mitihani nilifanya.

Malazi sina mengi ya kusema. Mwaka wa kwanza pigania hosteli ya chuo. Ukikosa, watu wengi hupanga Ng'ong'ona na Makulu, na wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi kadhaa kwa mpigo, hivyo lipia chumba baada ya kuulizia wapangaji waliopo kuhusu maji. Dumu mbili kubwa ni lazima. Kwa hali ya hewa, sisi tuliotoka kwenye mvua za Kyela ngozi inakauka na vumbi linasumbua mpaka mvua za Desemba. Leta mafuta mazito na sweta. Juni na Julai upepo wa usiku ni mkali.

Jambo la mwisho nalisema kwa uzito, hasa kwa mabinti. Wiki ya kwanza, wakati huna shida yoyote, tembea mpaka ofisi ya mshauri wa wanafunzi uione ilipo. Uliza na dawati la jinsia liko wapi. Mwenzetu mmoja alifiwa na baba yake wiki ya mitihani. Kwa sababu alishajua mlango wa kugonga, aliandikiwa ruhusa ya kuahirisha, akazika, akarudi kufanya mitihani yake baadaye bila kuhesabiwa amefeli. Mtu akikutaka kimapenzi kwa sababu ya alama, usibebe peke yako, na usifute ujumbe. Hiyo ni rushwa ya ngono, na sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 inaitambua kuwa kosa.

Safari yenyewe ni rahisi. Mabasi ya mikoani yanashusha stendi kuu ya Nanenane, na wanaotoka Dar es Salaam na Morogoro sasa wana treni ya SGR. Vyeti halisi vibebe kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye buti la basi: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, matokeo ya cha sita, na nakala zake kadhaa zilizothibitishwa. Foleni ya usajili ni ndefu, nenda umekunywa chai.