Picha zinapauka kivulini: nilivyomkamata mla buluu

Kila niliyemuuliza kwa nini picha ninazochapa zinapauka alinijibu vilevile: "Usiziweke juani." Asante sana. Picha zangu hazikuwa juani. Zilikuwa ukutani ndani ya studio hapa Tanga, juu ya mashine ya fotokopi, dirisha liko upande wa pili kabisa. Miezi mitatu hivi ikapita, sketi za buluu za wanafunzi zikawa kijivu, nyuso zikawa rangi ya tofali na anga likawa la waridi.

Ningetazama vizuri mapema nisingehangaika. Rangi iliyokuwa ikitoweka ni moja tu, sayani, ile buluu ya printa. Kwa wino wa dai, yaani wino wa rangi iliyoyeyuka ambao ndio niliokuwa nikitumia, mwanga mara nyingi huanza kula majenta, ile waridi iliyokolea ya printa, na picha huelekea ukijani. Zangu zilielekea wekundu. Mwizi alikuwa mwingine.

Kwanza nilikimbilia laminesheni. Picha imetoka tu kwenye printa, bado ina joto la mkono, naisukuma kwenye mashine na plastiki ya mikroni 125. Ikatoka inang'aa, nikajiona fundi. Kesho yake asubuhi kuna ukungu mweupe chini ya plastiki, na nywele nyeusi zimetambaa hadi kwenye mashavu ya bwana harusi. Karatasi ya glosi, ile inayong'aa, huhisi kavu ukiigusa, lakini maji na vile vilainishi vya wino bado vimo ndani, na ukivifungia havina pa kwenda ila kurudi kwenye rangi. Mwingine akanishauri nipulizie spray ya nywele. Nikapulizia! Studio ikanuka kama saluni, picha zikanata vumbi, buluu ikaendelea kwenda zake.

Kilichonisaidia ni mkasi. Nilichapa picha moja ya sentimita 10 kwa 15 yenye miraba ya sayani, majenta, njano na kijivu, pamoja na uso wa mtu. Kijivu usikiache, kwa sababu kimechanganywa na rangi zote tatu, na moja ikipungua kidogo tu utaiona hapo kwanza. Nikaikata vipande vitano, kila kimoja kikiwa na rangi zote, nikaandika tarehe nyuma kwa penseli. Cha kwanza juu ya fotokopi, feni ikikipiga. Cha pili dirishani nyuma ya kioo cha milimita 3, nusu yake nimeifunika foili ya jikoni. Cha tatu kwenye mfuko wa albamu. Cha nne nimekitundika stoo, hakuna feni wala mwanga. Cha tano ndani ya bahasha, bahasha ndani ya droo: huyo ndiye shahidi. Kulinganisha nilifanya mlangoni saa sita mchana, maana chini ya taa ya tyubu kijivu hudanganya.

Wiki ya tatu kijivu cha juu ya fotokopi kilikuwa kimeshaingia uwaridi. Cha dirishani, kinachopigwa jua kila asubuhi, bado kizima! Cha dirishani kilikuja kupauka baadaye, tena nusu isiyo na foili peke yake. Cha stoo kilibadilika kidogo sana, cha albamu sikuona tofauti na shahidi.

Kumbe ni hewa. Fotokopi za zamani zenye waya wa umeme mkali hutoa gesi ya ozoni, ile yenye harufu kali unayoisikia ukichapa kurasa nyingi, na feni yangu ilikuwa ikiisukuma moja kwa moja ukutani. Karatasi za glosi zinazokauka papo hapo zimejaa vitundu vidogo mno. Vinanyonya wino haraka, lakini vinabaki wazi, na hewa inaingia humohumo. Wala si jambo geni: mwaka 2000 Epson walipotoa Stylus Photo 870 na 1270, baadhi ya wateja waliona picha zao za glosi zikigeuka rangi ya machungwa, na ozoni ndiyo iliyokuwa ikila sayani.

Sasa picha ikitoka naiacha wazi robo saa, naifunika kwa karatasi ya kawaida ya fotokopi, naiacha usiku kucha. Ile karatasi ukiikuta imejikunja asubuhi, ujue imenyonya unyevu, weka nyingine. Msimu wa mvua za masika nangoja siku mbili. Ndipo naweka fremu yenye kioo, na paspatuu ya kadibodi katikati ili picha isigusane na kioo, la sivyo kwa joto letu itaganda humo na hutaibandua. Mgongoni naziba kingo kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Fremu isiyozibwa nyuma inaingiza hewa.

Za ukutani za bei kubwa nachapa kwa wino wa pigmenti, kwenye printa yake peke yake. Dai ni rangi iliyoyeyuka kama sukari kwenye chai. Pigmenti ni chembe nzima zinazoelea, na ozoni ikimega juu, ndani bado kuna rangi. Gharama ni mara mbili hivi, pengine zaidi, kutegemea duka. Kero zake: kwenye glosi kali vivuli vyeusi hutoa mng'ao wa shaba ukiviangalia kwa pembeni, kwa hiyo natumia karatasi ya satini. Na usipochapa kwa siku kadhaa nozeli, vile vitundu vya kutolea wino, zinaweza kuziba. Mimi nachapa ukurasa wa majaribio kila Jumatatu na Alhamisi. Chupa itikise polepole kabla ya kujaza, chembe hutuama chini.

Paspoti bado natoa kwa dai. Zinakaa ndani ya faili, nani atazipepea?

Fotokopi nimeihamishia barazani. Kila nikinunua chupa mpya ya wino, hata kama ni ileile, nakata vipande viwili tena: kimoja mbele ya feni, kimoja kwenye bahasha.