Mazuku si mizuka

Mwezi uliopita mwanafunzi wa darasa la nne la sekondari aliniuliza swali ambalo lilipaswa kunichukua nusu dakika: "Prof, mwaka 2021 lava ilisimama wapi hasa?" Nilijua kwamba jibu ninalo, kwa sababu nilikuwa nimelihifadhi mahali fulani. Nikapekua simu mbele ya darasa zima hadi kengele ikalia, na nilichoambulia ni picha tatu za umati unaoelekea mji wa Sake, mbili kati yake zikiwa ni picha ile ile.

Ninafundisha jiografia hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na tangu usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, nimekuwa nikihifadhi kila ninachokutana nacho kuhusu volkano hiyo na Ziwa Kivu: ripoti za Kifaransa, makala za Kiingereza ambazo huzisoma polepole, ramani, ujumbe wa sauti wa majirani, hata uvumi wa siku zile kwamba ziwa lingelipuka kabla ya asubuhi. Sehemu kubwa iko katika kundi la WhatsApp ambalo mwanachama wake ni mimi peke yangu. Nilipohesabu nilikuta mafaili zaidi ya mia tatu, na nakiri kwamba zaidi ya nusu sikuwa nimeyasoma, kwani nikishahifadhi kitu moyo hutulia kana kwamba nimekwisha kukisoma.

Baada ya aibu ile nilianza kutumia msaidizi wa akili bandia kunijengea wiki yangu mwenyewe, yaani kurasa za maelezo zilizounganishwa kwa viungo. (Wanafunzi walicheka, wakidhani nazungumzia juma la siku saba. Jina hilo lina asili ya Kihawaii, ambako "wiki wiki" ni haraka haraka, na Ward Cunningham ndiye aliyeipa tovuti yake jina hilo mwaka 1995. Yangu haina haraka yoyote.) Kwenye kompyuta nina folda mbili, Mbichi na Mbivu. Katika Mbichi mnakaa vyanzo vyote kama vilivyokuja, na msaidizi anaruhusiwa kuvisoma tu, bila kugusa hata herufi. Katika Mbivu ndimo anamoandika kurasa, kila jambo na ukurasa wake: mlipuko wa 1977, mlipuko wa 2002, uwanja wa ndege, methani, maji ya Kituku. Nikiongeza chanzo kipya, hukisoma, huongeza kilicho kipya katika kurasa zinazohusika, huziunganisha kwa viungo, kisha huandika katika daftari la kazi alichobadilisha. Kila sentensi lazima imalizikie kwa jina la faili ilikotoka.

Ningeweza kumpa mafaili hayo na kumuuliza maswali kila siku, lakini kwa njia hiyo angeanza kusoma upya kila ninapouliza, na mega zangu za intaneti zingeisha kabla ya jibu la tatu. Kurasa zikishaandikwa zinabaki. Ni maandishi matupu yanayofunguka hata mtandao ukikatika, na katika mtaa wetu jambo hilo si dogo.

Faida ya kwanza niliiona upesi. Nilikuwa na makala juu ya Ziwa Nyos la Kamerun, ambalo tarehe 21 Agosti 1986 lilitoa wingu la gesi ya kaboni dioksidi na kuua watu wapatao 1,700, na makala hiyo nilikuwa nimeitupa mbali kabisa na zile za Kivu. Msaidizi aliiunganisha na ukurasa wa ziwa letu, ambalo kina chake kinakaribia mita 485 na ambalo limeyeyusha ndani yake gesi hiyo hiyo pamoja na methani, ile ambayo upande wa Rwanda inavutwa na kuzalisha umeme. Akaongeza kiungo cha tatu, kuelekea ukurasa wa mazuku. Hapo ndipo nilipocheka, kisha nikakasirika.

Kwa msomaji asiye wa huku, mazuku ni mashimo na mabonde madogo, hasa magharibi ya mji kandokando ya ziwa na katika njia ya Sake, ambamo kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutuama, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Huoni kitu wala hunusi kitu. Mbuzi anashuka kufuata majani, anapiga magoti, hainuki tena. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mtoto, au mtu aliyelala chini, hatoki. Wazee walilijua jambo hili kabla ya vipimo, na jina walilolipa limeingia hadi katika makala za wataalamu wa volkano wa nchi za mbali, likiandikwa hivyo hivyo, mazuku.

Msaidizi wangu alidhani nimekosea tahajia. Katika maelezo niliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili alikuta "mazuku", akasahihisha "mizuka", kisha akanitungia ukurasa mzuri, wenye sarufi safi, juu ya imani za wakazi wa Kivu kuhusu mizimu inayovizia mifugo mabondeni. Mwisho wa kila sentensi aliweka jina la faili langu, kama nilivyomwagiza. Ndipo nikaelewa kwamba jina la chanzo linathibitisha tu mahali sentensi ilikotoka, wala halithibitishi kwamba chanzo kimeeleweka. Mashine hii imejifunza kutokana na maandishi, na Kiswahili kilichoandikwa kwa wingi ni cha pwani na cha Tanzania. Chetu cha Kongo kinasemwa kuliko kinavyoandikwa, kwa hiyo neno letu likipita mbele yake huonekana kosa la mtu mwingine. Nimeongeza katika karatasi ya kanuni ninazompa orodha ya maneno ambayo haruhusiwi kuyasahihisha. Inarefuka kila juma.

Kosa la pili halikunichekesha. Vyanzo vyangu juu ya mlipuko wa tarehe 10 Januari 1977, ule ambao ziwa la lava lilitoboka na kumwagika ndani ya muda usiofika saa moja, havikubaliani kuhusu waliokufa. Kimoja kinataja makumi, vingine mamia kadhaa. Msaidizi alichagua idadi moja ya katikati, akaiandika katika sentensi iliyonyooka, na tofauti ile ikafutika kama haikuwahi kuwapo. Ukurasa ulisomeka vizuri kuliko vyanzo vyenyewe, na hilo ndilo lililonitia hofu: kama ningekuwa na haraka, ningeifundisha idadi hiyo, na wanafunzi wangeiandika katika mtihani. Kwa vijiji ambavyo havikuwa na orodha ya wakazi, kutokukubaliana huko ni sehemu ya historia yenyewe, na mwalimu anayeficha jambo hilo anadanganya. Sasa kanuni inasema kwamba vyanzo vikipingana, vyote viandikwe kimoja chini ya kingine, na msaidizi asipatanishe chochote. Kurasa zimekuwa mbaya kidogo kuzitazama. Naziamini zaidi.

Ujumbe wa sauti wa majirani sikumpa. Wengine wanalia ndani yake, wengine wanataja majina ya watoto, na hawakuongea wakijua kwamba sauti zao zitapelekwa kwenye kompyuta za kampuni iliyo ng'ambo. Nasikiliza mwenyewe, naomba ruhusa, kisha naandika mistari michache isiyo na majina. Ni kazi ya polepole na bado iko mwanzoni.

Swali la mwanafunzi yule lilipata jibu baada ya siku tisa. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kufika ziwani. Mwaka 2021 ilisimama upande wa kaskazini, Buhene, mita mia kadhaa kabla ya uwanja huo. Nilimsomea ukurasa, akasikiliza, akasema, "Prof, mimi ni wa Buhene. Nilitaka kujua kama wameandika kwetu." Kesho yake alileta picha iliyochapwa, ukuta wa nyumba yao umebaki hadi usawa wa dirisha, mawe meusi yamejaa ndani, na mama yake akakubali niiweke pamoja na maneno yake. Mama huyo alisema ilipigwa siku ya tatu, waliporudi kutoka Sake.

Msaidizi aliweka alama ya kuuliza kando ya maneno hayo. Kwa mujibu wa ripoti nilizonazo, alieleza, amri ya kuhama sehemu ya mji, ambayo iliwapeleka watu wengi Sake, ilitolewa tarehe 27 Mei, kwa hiyo shahidi hangeweza kuwa amekwisha kurudi siku ya tatu. Nilisoma hoja yake mara mbili, na kwa ripoti alizokuwa nazo haikuwa na kasoro. Lakini sisi tuliokuwapo tunajua kwamba familia nyingi zilikimbia mara mbili, usiku ule wa tarehe 22 huku mbingu ni nyekundu, na tena tarehe 27 mchana. Katika mafaili yangu zaidi ya mia tatu jambo hilo halikuwa limeandikwa popote. Nimeondoa alama ya kuuliza na kufungua ukurasa mpya unaoitwa "Kukimbia mara mbili". Kwa sasa una sentensi moja, na chanzo chake ni mama wa mwanafunzi, Buhene.