Turubai la Shilingi 18,000

Hema la safari yetu ya kulala ufukweni tuliazimwa na vijana wa kwaya hapa Buhongwa, Mwanza. Turubai nililinunua mwenyewe kwa shilingi 18,000, na bei hiyo niliilalamikia kuanzia dukani mpaka nyumbani. Mke wangu alikuwa na neno moja tu: hema lile ni jepesi, mvua ya Desemba italipita kama chandarua. Nikatoa hela.

Safari yenyewe tuliiandika kwenye daftari tangu Juni. Watu sita, usiku mbili, isizidi shilingi 120,000. Watoto walitaka Saanane, kwa kuwa kisiwa kiko pale pale mbele ya Capri Point na kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013. Binti yangu wa pili akataka kisiwa cha Rubondo, akawaone sokwe walioachiwa kule miaka ya 1960. Nikapiga hesabu ya kiingilio, boti na ada ya kulala, nikazidisha kwa vichwa sita, nikalifunga daftari. Fundi mwenzangu ndiye aliyeniambia kuna mtu ana kiwanja ufukweni, mbele kidogo ya Igombe, anaruhusu watu kupiga hema. Nikampigia simu. Tukakubaliana shilingi 10,000 kwa hema kwa usiku.

Kila kitu cha kula tulitoka nacho nyumbani: unga, maharage yaliyokwisha kuchemshwa, mchele, nyanya, viazi, na maji ya kunywa madumu mawili. Hapo ndipo tulipookoa pesa nyingi kuliko mahali pengine popote, na yeyote anayefikiria safari kama hii namshauri aanzie jikoni kwake. Tusichokuwa tumekiandika ni kwamba konda atalihesabu hema kama abiria. Daladala ya kwanza alidai nauli ya kiti kimoja, ya pili ikawa viti viwili kwa sababu ya jiko na ndoo. Tulipopita uwanja wa ndege, shilingi 9,000 zilikuwa zimeshakwenda kwa mizigo peke yake.

Mwenye kiwanja alitupokea vizuri, akatuonyesha choo, kisha akasema bei ni 5,000 kwa kichwa. Nikamkumbusha maneno yetu ya simu. Akasema ile ilikuwa bei ya hema, sasa anazungumzia watu. Hata kitinda mimba wetu wa miaka mitatu alihesabiwa. Tulibishana mpaka watoto wakaanza kuona aibu, mwisho nikalipa 15,000 kwa usiku, kuni mbali. Iliniuma, na bado inaniuma. Mtu aliyeweka akiba tangu Juni hastahili kubadilishiwa maneno akiwa ameshatua mzigo.

Halafu vigingi vikagoma. Pale chini ya mchanga kuna jiwe, kama ilivyo sehemu nyingi za Mwanza. Unapiga kigingi, kinaingia kidole kimoja, kinapinda. Tukazifunga kamba kwenye mawe makubwa, turubai tukalitupa juu, nalo tukalikandamiza kwa mawe.

Kuoga ziwani nilikuwa nimekataza toka nyumbani kwa sababu ya kichocho, na hilo ndilo lililowaliza watoto kuliko jambo jingine lolote. Kukaa hatua ishirini kutoka majini na kuogea ndoo! Lakini minyoo ile inaingia kupitia ngozi, mtoto akisimama tu pale penye konokono na majani inatosha, nami nilishamuuguza mmoja. Sikulegea.

Jirani yetu ufukweni alikuwa bibi mmoja anayeanika dagaa. Nilimwamkia, "Shikamoo, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, akaitikia, akawaita watoto mmoja mmoja awashike kichwa. Siku hiyo jua lilikuwa limefichwa na wingu, dagaa wake hawakukauka. Jioni aliwakusanya wakiwa nusu wabichi, akawarundika kwenye chandarua kikuukuu na kuwafunika kwa nailoni iliyochanika. Walikuwa wa ndoo sita, alizochukua kwa mkopo kwa mwenye mtumbwi.

Usiku ulikuwa wa giza, mwezi hakuna, kwa hiyo wavuvi wote walikuwa kazini. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwaka taa haina kazi. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za sola, nyeupe, nyingi mno, mpaka kitinda mimba akauliza kule ni mji gani. Tulikaa kimya wote sita tukiutazama huo mji.

Saa tisa usiku taa zikaanza kukimbia kuelekea nchi kavu. Niliziona kwa sababu nilikuwa nimeamshwa na baridi ya ghafla. Kisha upepo ukaja kutoka ziwani kwa pigo moja, upande mzima wa hema ukalala juu ya watoto. Kamba mbili zikachomoka kwenye mawe. Turubai likawa linapiga kofi angani, nimening'inia kwenye pembe moja, mwanangu wa kwanza pembe nyingine. Mvua haijafika, lakini sauti yake tunaisikia inakuja juu ya maji. Ndipo tukamsikia bibi: "Dagaa! Jamani, dagaa!" Nailoni yake ilikuwa imeshakwenda.

Mimi nilikuwa bado navuta turubai kulirudisha juu ya hema. Mke wangu akanishika mkono. "Baba, mpelekee bibi. Hema limeshaanguka."

Sikupenda kulisikia hilo. Nilifikiria 18,000, nikafikiria magodoro. Lakini dagaa wabichi wakipigwa na mvua wanaoza, wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku, na mkopo wa mtumbwi hauangalii mvua. Tukakimbia nalo. Binti yangu na mdogo wake wakabeba mawe gizani, bibi anaelekeza kwa tochi ya simu, sisi tunakunja na kukandamiza. Tulimaliza pembe ya mwisho matone ya kwanza yakitupiga mgongoni, makubwa kama kokoto.

Usiku uliobaki tulilala nyumbani kwa bibi, chumba kimoja cha bati, watu saba, magodoro yetu yakiloa nje. Sikulala. Nilikuwa namfikiria baba yangu, enzi zile kule kwetu Kwimba. Nikiwa na umri wa binti yangu nililala nje majuma mazima, juu ya dungu shambani, kulinda mtama. Nilijua kunusa mvua kabla haijafika. Watoto wangu wamezaliwa chini ya dari, na mimi nimewalipia wakaonje usiku ambao baba alinipa kama kazi, tena bila hema. Ningependa awe hai nimwambie kwamba wajukuu wake walibeba mawe.

Asubuhi mvuvi mmoja mzee alinieleza kwa nini mvua ya huku hupenda kuja saa zile. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto, upepo unageuka kwenda majini, na wingu linajijenga juu ya ziwa mpaka alfajiri. Msimu wa mvua wingu hilo halibaki majini. Tungepiga hema Juni, alisema, tungelala salama. Juni hatukuwa na hela.

Siku ya pili tulianika: magodoro, nguo, daftari lenyewe. Dagaa wa bibi walitoka salama, wachache tu wa pembeni waliloa. Kwenye mchele wetu wa mchana akaongeza sahani ya dagaa wa kukaanga, akakataa senti yoyote. Usiku wa pili hatukumbuki hata upepo.

Wakati wa kufunga mizigo bibi alilileta turubai limekunjwa, limefutwa mchanga. Mke wangu alinitazama, nikaelewa. Tukamwachia. "Wabeja," alisema, asante kwa Kisukuma, mara mbili, akiwa amelikumbatia.

Mvua ikinyesha usiku hapa Buhongwa, kitinda mimba anaamka na kuuliza kama dagaa wa bibi wamefunikwa.