Nalongo imeota!
Msimu uliopita nilinunua mbegu ya mahindi ya bei ya chini, pakiti yake safi kabisa, nikapanda ekari mbili hapa Bweyale, Uganda. Shimo moja lina mche, matatu matupu. Iliniuma sana.

Safari hii nimechukua Longe 5, mbegu ya mahindi ya NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, ile tunayoiita Nalongo. Longe 10H ni chotara, inazaa zaidi, lakini kila msimu lazima ununue upya, na mimi sina hela hiyo. Nalongo si chotara, nitajiwekea mbegu mwenyewe, nikichagua mahindi ya katikati ya shamba, mbali na ya jirani.

Nilihesabu punje 100, nikazifunga kwenye gunia lililoloweshwa. Leo siku ya saba nimelifungua: 93 zimetoa vimizizi vyeupe! Kesho alfajiri napanda, kilo 10 kwa ekari.