Glaifoseti: kansa ipo au haipo?
Hii dawa ya kuua magugu watu wanabishana nayo mpaka basi. Mwaka 2015 IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, likaiweka kundi 2A, yaani huenda inasababisha kansa, halafu mwaka huohuo EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ikasema haielekei kuleta kansa. Sasa nani muongo? IARC inauliza kama kitu kinaweza kuleta kansa, haipimi wewe umeingiwa na kiasi gani (nyama nyekundu nayo ipo 2A jamani!), EFSA nayo ilisoma mpaka ripoti za kampuni ambazo hazijachapishwa, hapo ndo mi roho inasita. Ila anayechanganya dawa kali bila glavu, inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na anayekula mabaki kidogo kwenye nafaka, huwezi kuwapigia hesabu moja.