Kilo za Bibi

Juzi kijana anayejifunza kazi kwetu aliniuliza, macho kwenye skrini: "Kaka, huduma hii niisajili singletoni au skopudi?" Alitaka kujua kama kipande hicho cha programu kitumiwe na wote kwa pamoja, au kila ombi lipate chake. Nikakaa kimya kidogo. Mawazo yalikuwa yamenipeleka kwenye ile risiti.

Ulikuwa msimu wa kahawa, Moshi. Nilikabidhiwa programu ya mapokezi ya chama kimoja cha ushirika huko mlimani; aliyeiandika alishaondoka. Karani mmoja alipofanya kazi peke yake, mambo yalikwenda. Kahawa ilipochanganya wakaongeza mizani ya pili, manung'uniko yakaanza. Nikapanda kwenda kujionea.

Bibi mmoja alishusha gunia lake la kahawa ya maganda. Karani akapima, akabonyeza. Wakati uleule karani wa pili naye akabonyeza kwa ajili ya mzee mmoja mwenye kofia ya sufu. Bibi aliishika risiti yake mbali na macho, akaisoma taratibu, mstari kwa mstari. Kisha akanigeukia mimi, labda kwa sababu ya kompyuta niliyobeba. "Mjukuu wangu, kilo ni zangu. Jina ni la huyu." Akamwonyesha mzee. Mzee akaitazama ya kwake: jina lake, kilo zake. Karani akasema bibi atakuwa amesoma vibaya. Bibi hakupandisha sauti. Aliirudisha risiti mezani, akaketi juu ya gunia, akasema haondoki mpaka jina lake liandikwe. Nilichungulia. Alikuwa amesoma sawasawa.

Usiku nikaufungua msimbo. Katika ASP.NET Core, mfumo wa Microsoft wa kuandikia programu za wavuti, singletoni ni nakala moja inayotumiwa na wote mpaka programu izimwe. Skopudi huishi ndani ya ombi moja, kama vile mbonyezo mmoja wa karani. Transienti hutengenezwa upya kila inapohitajika. "Mkulima anayehudumiwa sasa" alikuwa amewekwa kwenye singletoni! Makarani wote waliandika jina mahali pamoja, na kabla risiti ya bibi haijachapwa, jina la mzee lilishafuta lake.

Historia ya mabadiliko ilionyesha kwamba mwanzoni huduma hiyo ilikuwa skopudi. Ila huduma ya risiti ilikuwa singletoni na ilimhitaji huyo mkulima, na katika mazingira ya maendeleo, yaani programu ikiwa bado inaandikwa na kujaribiwa, mfumo hukataa mchanganyiko huo. Ni hatari aliyoieleza mwandishi wa programu Mark Seemann mwaka 2014: tegemezi (huduma inayohitajiwa na nyingine) la muda mfupi likitekwa na huduma ya muda mrefu, huishi maisha ya mtekaji. Mtangulizi wangu, badala ya kuishusha risiti iwe skopudi, akampandisha mkulima awe singletoni. Onyo likatoweka. Na mtu mmoja akijaribu programu peke yake, haoni kitu.

Nikazifanya zote mbili skopudi. Siku hizi data ya mtu yeyote naianzia hapo, nikijiuliza kwanza ni ya nani kabla ya kuuliza iishi muda gani. Sidhani kanuni hiyo inatosha.

Maana kilo ziliingia kwenye hesabu ya jina lililochapwa. Bibi alijua kusoma, tena alikuwa na ujasiri wa kukaa juu ya gunia. Chama kiliwaita wakulima waje na risiti zao, na wengi walikuja. Ambao hawakuja, mpaka leo sijui walilipwa kilo za nani.